Bibi Maria Montessori na Watoto Wasiotulia

Kila aliyesoma juu ya kilima hiki cha Nsambya anaijua habari ya Mama Kevin, sista kutoka Ireland, aliyefika hapa mwaka 1903 pamoja na wenzake watano, akaanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe. Hospitali tunayoiona leo ilianza chini ya mwembe ule. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, nami sitairudia. Leo nataka kueleza maisha ya mwanamke mwingine wa zamani zile zile, aliyemzidi Mama Kevin umri kwa miaka mitano tu, naye pia alianza kazi yake kubwa kati ya watu maskini, tena katika chumba kimoja. Mwanamke huyo ni Maria Montessori wa Italia.

Yafaa niseme kwanza sababu iliyonifanya nimchague yeye. Likizo iliyopita nilimkuta mdogo wangu, mtoto wa miaka sita, ana alama za fimbo miguuni. Kosa lake lilikuwa moja kila siku: hatulii darasani. Huinuka, hugeuka nyuma, huchezea penseli, hupiga miguu chini ya deski. Darasa lao lina watoto zaidi ya tisini, na mwalimu ni mmoja. Baba alikuwa karibu kukata shauri kwamba mtoto huyu hana akili ya kusoma, na kwamba ada yake heri iwekwe kwa ajili ya ndugu zake. Aliposema ndugu zake nilijua kwamba ni mimi, maana ada yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Neno hilo lilinichoma. Niliporudi shuleni nikaenda maktaba kutafuta kama kuna mtu aliyepata kuchunguza watoto wasiotulia, ndipo nikakutana na habari za bibi huyu.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona. Baba yake, Alessandro, alikuwa karani wa serikali katika mambo ya fedha, mtu wa desturi za kale. Mama yake, Renilde, alikuwa mwanamke aliyependa sana kusoma vitabu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanawake wa nchi ile siku zile. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Mwaka 1875 jamaa hao walihamia Roma kwa ajili ya kazi ya baba.

Tangu utoto Maria alipenda hesabu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu aliingia shule ya ufundi iliyokuwa ya wavulana, akitaka kuwa mhandisi. Baadaye akageuza nia, akasema atasoma udaktari. Baba yake hakupendezwa, walakini mama alisimama upande wa binti yake. Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Roma kusoma elimu ya viumbe, kisha akapokelewa katika masomo ya uganga. Huko aliona taabu nyingi. Wanafunzi wanaume walimdhihaki, na kwa kuwa ilionekana ni aibu mwanamke kutazama maiti aliye uchi pamoja na wanaume, alilazimika kufanya kazi ya kupasua maiti peke yake, saa za jioni, watu wote wakiisha kuondoka. Fikirini msichana peke yake katika chumba kile, taa moja, na maiti mezani. Hakuacha. Mwaka 1896 alipata shahada yake, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa wa Italia kuwa madaktari.

Baada ya hapo alifanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu, upande wa wagonjwa wa akili. Ilikuwa kazi yake kutembelea nyumba walimofungiwa wagonjwa wa namna hiyo, na humo aliona jambo la kusikitisha. Watoto waliohesabiwa kuwa hawana akili walikuwa wamewekwa pamoja na watu wazima, katika vyumba vitupu visivyo na kitu cha kushika wala cha kuchezea. Walipokwisha kula, walijitupa sakafuni na kuokota makombo ya mkate. Mwanamke aliyewatunza aliwaona kuwa ni walafi tu. Daktari Montessori alitazama zaidi. Aliona kwamba watoto wale hawali makombo yote, bali huyashika, huyageuza na kuyafinyanga. Hawakuwa na njaa ya tumbo. Mikono yao ndiyo iliyokuwa na njaa, maana katika chumba kile hapakuwa na kitu kingine cha kuushughulisha mkono.

Toka siku hizo alianza kuamini kwamba akili ya mtoto mdogo hulishwa kwa njia ya mikono na miguu. Alisoma vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa waliomtangulia, Itard na Séguin. Séguin alikuwa amewafundisha watoto wenye akili nzito kwa kuanza na mazoezi ya viungo: kutembea, kupanda, kushika na kupanga vitu. Mwaka 1900 Montessori aliwekwa kuwa mmoja wa wakuu wa shule mpya mjini Roma iliyofundisha waalimu wa watoto wa namna hiyo. Alitengeneza vyombo vya mbao, akakaa na watoto toka asubuhi hata jioni. Baadhi ya watoto wale, ambao watu waliwakatia tamaa, walijifunza kusoma na kuandika, wakafanya mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu wote walistaajabu. Lakini yeye hakujisifu, bali alijiuliza swali gumu: ikiwa watoto hawa wamewafikia wenzao wenye akili timamu, basi kuna kosa gani katika shule za watoto wenye akili timamu?

Hapa sina budi kueleza jambo la huzuni katika maisha yake, kwa sababu habari ya mtu isiyo na makosa yake si habari kamili. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, na daktari mwenzake Giuseppe Montesano. Hawakuoana. Desturi za siku zile zingemfukuza kazini kama jambo hilo lingejulikana, basi mtoto alipelekwa shamba kulelewa na watu wengine, na mama alikwenda kumtazama mara kwa mara tu. Mwanamke aliyejua watoto wa wengine kuliko watu wote hakukaa na mtoto wake mwenyewe alipokuwa mdogo. Baada ya mama yake Renilde kufariki mwaka 1912, Montessori alimchukua Mario, ambaye alikuwa kijana tayari, naye akawa msaidizi wake mpaka mwisho.

Sasa tufike kwenye ile kazi iliyomfanya ajulikane ulimwenguni. Katika Roma palikuwa na mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Nyumba zake zilikuwa ndefu na zimesongamana, na watu walikaa wengi katika chumba kimoja, kama tunavyoona katika mitaa ya bondeni chini ya vilima vyetu vya Kampala. Kampuni moja ilitengeneza upya baadhi ya nyumba zile na kuweka wapangaji. Wazazi walikwenda kazini mchana kutwa, na watoto wao waliobaki walipanda na kushuka ngazi, wakachora na kuchafua kuta mpya. Wenye nyumba waliona kwamba ni rahisi zaidi kuwakusanya watoto hao katika chumba kimoja kuliko kupaka rangi kila mara. Wakamwomba Daktari Montessori awasimamie. Basi tarehe 6 Januari 1907 chumba hicho kilifunguliwa, kikaitwa Nyumba ya Watoto. Waliingia yapata watoto hamsini, wa umri wa miaka miwili au mitatu hata sita. Wengine walikuwa wanalia, wengine waoga.

Katika shule za siku zile, watoto waliketi juu ya mabenchi yaliyounganishwa na meza zao. Mtoto aliingizwa humo kama mzigo, asiweze kugeuka wala kunyosha mguu, na waalimu walifikiri kwamba mwili ukifungwa, akili nayo itatulia. Montessori aliyaondoa. Aliagiza viti na meza ndogo, nyepesi, ambazo mtoto wa miaka minne aweza kuzibeba mwenyewe. Aliwapa watoto kazi za kweli: kufagia, kuosha mikono, kufunga vifungo, kumimina maji, kuandaa meza. Tena aliweka vile vyombo vyake vya mbao.

Siku moja alimwona mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi akitia vigogo vidogo vya mbao katika matundu yake. Vigogo vilikuwa vya unene mbalimbali, na kila kimoja kilikuwa na tundu lake. Mtoto alipokwisha alivitoa vyote, akaanza tena. Montessori alianza kuhesabu. Kisha akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka chumba. Yule mtoto hakuinua macho. Akamnyanyua pamoja na kiti chake, akamweka juu ya meza. Mtoto alivikumbatia vigogo vyake ili visianguke, akaendelea na kazi. Alirudia zaidi ya mara arobaini. Kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku kwa uso wa furaha, kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri.

Jambo hili ndilo msingi wa elimu yake yote. Watu walidhani kwamba mtoto mdogo hawezi kutuliza fikira zake kwa muda mrefu. Hapa palikuwa na mtoto wa miaka mitatu aliyeshinda kelele za chumba kizima. Kilichomtuliza hakikuwa fimbo wala amri, bali ni kazi ya mikono yake. Mikono ilitenda, macho yakaifuata mikono, na fikira zikayafuata macho.

Vilevile alichora mstari sakafuni, akawafundisha watoto kutembea juu yake polepole, wakiweka kisigino mbele ya vidole. Walipoweza walichukua bilauri ya maji bila kumwaga, au kengele bila kuiliza. Sisi katika Uganda tusiuone mchezo huu kuwa wa kigeni. Dada zetu waliochota maji kisimani na kuyaleta kichwani bila kumwaga hata tone wamejifunza somo lile lile, wala hakuna aliyelipa jina. Mtoto anayetembea hivyo hawezi kuwaza mambo mengine. Mwili wote unamlazimisha kuangalia.

Alikuwa pia na mchezo wa kimya. Siku moja alimpokea mtoto mchanga wa miezi minne, akawaonyesha watoto jinsi alivyotulia, akawauliza kama wao waweza kutulia hivyo. Chumba kizima kikanyamaza, wote wakashika pumzi. Watoto waliozoea kutembea bila kuangusha kitu waliweza pia kukaa bila kutikisika. Waalimu wengi hutaka utulivu uje kwanza, ndipo mtoto aruhusiwe kutembea. Montessori aliona kwamba mtoto aliyejifunza kuuongoza mwili wake ndiye awezaye kuutuliza.

Hata kuandika kulikuja kwa njia hiyo. Alikata herufi za karatasi ya msasa, akazibandika juu ya mbao, na watoto walizipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Mwisho wa mwaka ule wa 1907, walipokuwa wakicheza juu ya dari ya nyumba, alimpa mvulana mmoja chaki achore bomba la moshi. Mtoto alichora, kisha akaandika neno, akapiga kelele kwa furaha kwamba anajua kuandika. Wengine wakamkimbilia, wakajaribu, nao wakaweza. Kwa siku nyingi waliandika sakafuni, ukutani na milangoni. Vidole vyao vilikuwa vimekwisha jifunza kabla wao wenyewe hawajajua.

Habari zilienea upesi. Mwaka 1909 alitoa kitabu chake cha kwanza, na baada ya miaka michache kilikuwa kimefasiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1913 alikwenda Marekani akapokelewa kwa heshima kuu. Mwaka 1915, katika maonyesho ya San Francisco, darasa la watoto liliwekwa ndani ya kuta za kioo, na watu walisimama nje kuwatazama wakifanya kazi bila kushughulika na macho ya watazamaji.

Hata hivyo si kila jambo lilikwenda vizuri. Wataalamu wengine walimpinga, na yeye hakupenda mtu kubadili neno lolote katika njia yake. Vyombo vyake vilikuwa ghali. Katika mwaka 1924 alikubali msaada wa Mussolini, mtawala wa Italia, na shule zake zikaongezeka. Lakini mtawala yule alitaka watoto wapige mwendo wa askari na kutii bila kufikiri. Montessori alitaka mtoto ajiongoze. Mambo hayo mawili hayakuweza kukaa chungu kimoja. Mwaka 1934 alitengana na serikali ile, akatoka katika nchi yake, na shule zake zikafungwa. Katika Ujerumani ya Hitler vilevile zilifungwa. Alikaa Hispania, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1936 vilimfukuza, akaenda Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa karibu na miaka sabini, alisafiri na Mario mpaka Bara Hindi kufundisha waalimu katika mji wa Madras. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimfunga Mario kwa kuwa ni mtu wa nchi ya adui, na mama yake akawekewa mipaka asitoke. Tarehe 31 Agosti mwaka ule, siku alipotimiza miaka sabini, walimfungulia Mario amrudie mama yake. Walikaa Bara Hindi mpaka mwaka 1946, na Wahindi zaidi ya elfu moja walipata mafunzo yake. Aliporudi Ulaya jina lake lilitajwa mara tatu kwa tuzo ya Nobel ya amani, katika miaka ya 1949, 1950 na 1951, lakini hakuipata.

Alifariki tarehe 6 Mei 1952 katika kijiji cha Noordwijk, ufukoni mwa bahari ya Uholanzi, akazikwa huko huko. Siku zake za mwisho alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya kuja Afrika, kuwafundisha waalimu wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja, na Mario alikuwa akiihofia afya yake. Safari ile haikufanyika. Lakini kazi yake ilifika. Tanzania ina vyuo vya waalimu wa watoto wadogo vinavyofuata njia yake, na huko Nakuru, Kenya, shule ya namna hiyo ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa watu waliokimbia makwao katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007.

Wataalamu wa siku hizi nao wamechunguza jambo hili kwa vipimo. Wameona kwamba watoto wanaopewa kipindi kifupi cha kujinyosha na kurukaruka katikati ya masomo, hata dakika 10 tu, huangalia kazi yao vizuri zaidi wanapoketi tena. Njia yao si ile ya Montessori hasa, maana yeye aliunganisha mwendo na somo lenyewe. Lakini wote wamekubaliana kwamba mwili wa mtoto si adui wa akili yake.

Najua baadhi yenu mtauliza: vyombo vya mbao na viti vidogo vitatoka wapi, na darasa lina watoto tisini? Swali ni la haki. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 1997, watoto wa Uganda wamejaa madarasani kuliko nafasi iliyopo, na mwalimu mmoja hawezi kuwa Montessori kwa watoto wote hao. Lakini mstari juu ya udongo hauna bei. Kokoto za kuhesabia zimejaa njiani. Na mwalimu ambaye huwaruhusu watoto kusimama, kupiga makofi na kuruka kwa kuhesabu kabla hawajafungua daftari, hapotezi kipindi chake.

Siku ya kutembelewa na wazazi niliyaeleza haya yote kwa baba yangu. Alisikiliza kimya. Nilipokwenda nyumbani mwishoni mwa juma nilichora mstari wa majivu uani, nikampa mdogo wangu kikombe cha maji. Mara ya kwanza alimwaga yote. Jioni ya pili alifika mwisho wa mstari kikombe kimejaa, na baba alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Kisha tuliketi na kitabu chake cha kusoma. Sitawadanganya kwamba alibadilika kuwa mtu mwingine. Alitulia dakika kumi hivi, ambapo zamani hakufika hata tatu. Baba hakusema neno juu ya ada, lakini muhula huu mdogo wangu bado yuko shuleni, na nimeambiwa kwamba mstari wa majivu huchorwa upya kila mvua inapoufuta.

Basi ninyi wanafunzi wa zamani ambao sasa ni waalimu na wazazi, na sisi ambao tutakuwa hivyo baada ya muda si mwingi, tukimwona mtoto hatulii, tusikimbilie kuchukua fimbo. Kwanza tutazame mikono yake, tuone kama imepewa kitu cha kufanya.